Mahakama ya Kuigiza na Mtoto wa Mvuvi: Uchambuzi wa Kisa cha Kufundisha Uendelevu na Uraia wa Dunia Pwani ya Tanga

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo ufukweni, kusini mwa jiji la Tanga, upande wa kuelekea Pangani. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa husika, na kosa linaloelezwa humu ni langu. Nimeacha jina la shule na majina ya wahusika wote, kwa kuwa kijiji ni kidogo na anayekifahamu akipata jina moja atayajua na mengine. Ninawaandikia walimu wenzangu wa Jiografia na Uraia, hasa wale wanaofundisha uhifadhi wa bahari kwa watoto ambao chakula chao cha jioni kinatoka katika bahari hiyohiyo.

Mahali na darasa

Darasa lilikuwa Kidato cha Tatu, mkondo mmoja wenye wanafunzi 54, wengi wao wakiwa na umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba. Wazazi wao ni wavuvi wa ngalawa na mashua, akina mama wa mwani, wakulima wa minazi na muhogo, na wachache ni vibarua wa mashamba ya mkonge au wachuuzi wanaokwenda mjini kila alfajiri. Maji yaliyo mbele ya shule yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambayo inaanzia mdomo wa mto Pangani na kupanda kaskazini kwa takriban kilomita 100 hadi kupita jiji. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga walimkuta mara kwa mara katika jarife, yaani nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu, na ndipo pwani hii ikapata hifadhi yenye jina lake.

Pwani hiyohiyo ilijulikana pia, kwa miongo kadhaa, kwa uvuvi wa baruti. Hakuna mtoto wa darasani kwangu asiyejua mlio wake. Bomu likilipuka majini hupasua kibofu cha hewa cha samaki, na ndiyo maana wengi huzama badala ya kuelea, hivyo mpigaji huokota sehemu tu ya alichokiua. Mwamba uliovunjika hubaki kifusi kinachosukumwa huku na huku na mawimbi, na vijitumbawe vichanga haviwezi kushika mahali pasipotulia. Matumbawe ya mviringo hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo jabali la matumbawe lenye urefu wa mtu mzima lina umri wa karne moja na zaidi, nalo huvunjwa kwa dakika moja.

Haya yote niliyajua, na niliyaandaa vizuri. Nilijua pia kwamba katika Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 2015, shabaha ya saba ya lengo la nne inataka kila mwanafunzi apate maarifa ya maendeleo endelevu na ya uraia wa dunia ifikapo mwaka 2030. Nilitaka somo ambalo wanafunzi wangelifanya wenyewe kwa vinywa vyao, si la kunakili kutoka ubaoni. Nikachagua mahakama ya kuigiza.

Siku ya mahakama

Mpango ulikuwa rahisi. Mshitakiwa ni mvuvi wa baruti. Yupo mwendesha mashitaka, wakili wa utetezi, mashahidi watatu (afisa wa hifadhi, mama muuza samaki na mtalii), na hakimu mwenye wazee wa baraza wawili. Niliwapa siku nne za kujiandaa, nikawaruhusu kuzungumza Kiswahili ingawa lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, kwa sababu nilitaka hoja, na hoja za vijana hawa huzaliwa kwa Kiswahili. Uamuzi huo wa lugha ndio pekee wa siku ile ambao sijaujutia.

Kesi ilianza kwa uchangamfu. Mwendesha mashitaka alikuwa hodari, akataja Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, akaeleza kifusi na samaki wanaozama. Wakili wa utetezi alipewa dakika chache na hakuwa na la kusema isipokuwa kwamba mteja wake ni maskini. Kisha mshitakiwa akapanda kizimbani, na ili aonekane mpiga baruti kwelikweli, alikuwa ameuvuta mkono wake ndani ya shati akauacha mkono wa shati ukining'inia mtupu. Darasa zima likacheka. Nami nilitabasamu. Ninaiandika sentensi hii kwa sababu bila hiyo kisa hakitaeleweka.

Kijana mmoja aliyekaa dirishani hakucheka. Ni mwanafunzi wa wastani kwa alama, mtulivu, mwepesi wa kusaidia wenzake hesabu. Alifunga daftari lake, akaliweka ndani ya mkoba, akasimama na kutoka bila kuomba ruhusa. Nilimwita mara moja, hakugeuka, nikaona ni utovu wa nidhamu nitakaoushughulikia baadaye, nikaiacha kesi iendelee. Hakimu alitoa kifungo kirefu, makofi yakapigwa, na nikaandika kwenye andalio langu la somo kwamba lengo limefikiwa.

Kijana hakurudi kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya nne nilimuuliza kiranja, naye, akitazama chini, aliniambia kile ambacho darasa zima lilikijua isipokuwa mimi: baba mdogo wa kijana yule, anayemlea tangu baba yake afariki, ana mkono mmoja, na wa pili uliondoka na baruti.

Barazani

Nilikwenda siku ya tisa, baada ya kuahirisha mara mbili kwa visingizio vya kazi. Mzee alikuwa barazani, ameketi juu ya mkeka, akishona nyavu: uzi ameubana kwa vidole vya mguu, na sindano ya nyavu ikienda upesi katika mkono wa kushoto. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniita mwalimu, akamtuma mtoto alete kiti. Nilikikataa nikaketi mkekani. Tuliulizana hali za nyumbani kwa kirefu, kama ilivyo desturi, na katika muda huo wote hakuligusa lililonileta.

Nilipoeleza na kuomba radhi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kijana hana ugomvi na shule, ana haya tu, na haya ya kijana hupita polepole. Akaongeza, "Kosa la mkono huu ni langu mwenyewe, mwalimu, silikatai mbele ya mtu yeyote. Lakini mmeniweka kizimbani nami nipo hapa, hatua mia tatu kutoka shuleni. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Nilimuuliza palepale. Alinieleza kwamba wakati ule alikuwa baharia katika mashua ya tajiri mmoja, kwamba nyavu na mashine vilikuwa vya tajiri, na kwamba deni la chakula cha nyumbani lilikuwa la tajiri huyohuyo. Samaki walipopungua, tajiri hakupunguza deni; alileta chupa za baruti. Walioshika chupa walikuwa vijana, kwa kuwa wazee walikataa. Samaki wa baruti walinunuliwa mnadani kama wengine, na walionunua walijua, kwa maana samaki wa baruti hujulikana kwa kumbonyeza: mifupa imeachana na nyama. "Katika mahakama yenu," akaniuliza, "mnunuzi alikaa wapi?"

Mnunuzi alikuwa amekaa upande wa mashahidi wa mashitaka. Mama muuza samaki nilimwandikia mimi mwenyewe maneno ya kulalamika kwamba baruti inamharibia biashara.

Kosa lilikuwa wapi

Wenzangu ofisini, nilipowasimulia, wengi walisema kosa langu ni kutomfahamu mwanafunzi, na kwamba ningejua habari ya mkono ningechagua mfano mwingine. Sikubaliani nao. Kama kijana yule asingekuwamo darasani, kosa lingekuwa lilelile, ila lisingeonekana.

Mbinu ya mahakama ina umbo lake, na umbo hilo hufundisha kuliko maneno yanayosemwa ndani yake. Mahakama humtafuta mtu mmoja na kitendo kimoja. Uendelevu haukai hivyo: kinachouharibu ni mnyororo wa watu ambao kila mmoja ana sababu yake, na wengi wao hawajawahi kuliona jabali la matumbawe. Nilipolazimisha mnyororo uwe mtu, mtu aliyepatikana alikuwa aliye karibu zaidi na maji na aliye mbali zaidi na fedha. Wanafunzi walitoka wakiamini kwamba bahari inaharibiwa na watu wabaya wa kijijini kwao na kuokolewa na maafisa na watalii. Huo ni mtazamo unaomfundisha kijana wa pwani kwamba akitaka kuwa raia mwema wa dunia sharti kwanza awaonee aibu watu wake.

Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu inayomtenga kijana na jamii anayotegemewa kuitumikia, na inayomfanya aone kwamba maarifa yote yako vitabuni na kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Nimeufundisha waraka huo mara nyingi katika Uraia, na bado nilitengeneza somo ambalo mzee mwenye ushahidi wa mwili wake hakuwa na nafasi ndani yake isipokuwa ya kuchekwa.

Ninapaswa kusema jambo la upande wa pili, kwa sababu kuna msomaji atakayedhani ninatetea baruti. Siitetei. Sheria inayoikataza ni ya haki, na doria zilizoipunguza katika pwani yetu zilihitajika. Mzee mwenyewe angekuwa wa kwanza kulisema hilo, na alilisema. Ninachokikataa ni kwamba kijana ajifunze hukumu kabla hajajifunza jinsi mambo yanavyofanyika.

Swali la joto

Kijana alirudi Jumatatu iliyofuata. Sikumwita mbele wala sikumtaja. Niliomba radhi kwa darasa zima kwa namna nilivyolipanga somo, nikasema tutaanza upya. Ndipo aliponyoosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, akauliza swali ambalo limenishughulisha kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Alisema, "Mwalimu, bomu linaua mwamba mmoja. Wewe ulitufundisha mwezi uliopita kwamba joto la bahari linaua miamba ya dunia nzima kwa mwaka mmoja. Je, kwa joto amekamatwa nani?"

Nilimwambia kwamba nitalijibu Alhamisi. Kusema kweli lilituchukua wiki tatu.

Tulianza na jinsi joto linavyoua. Ndani ya tishu za matumbawe huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake, nao ndio unaoyapa matumbawe rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa kaskazi kwa nyuzi moja hivi, na hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa, matumbawe huutoa mwani huo, hupauka, na yasipopata nafuu mapema hufa kwa njaa. Mwaka 1998 ndio wa kwanza ambapo miamba ya dunia ilipauka kwa pamoja, na inakadiriwa kwamba asilimia 16 ya miamba yote iliangamia. Ilifuata 2010, kisha 2014 hadi 2017, na mwezi Aprili 2024 likatangazwa tukio la nne. Miaka hiyo niliiandika pembeni mwa ubao nikaomba isifutwe.

Baadaye tukaingia katika mnyororo wenyewe. Mwalimu wa Hisabati alikubali kunipa vipindi viwili, na wanafunzi wakafanya hesabu za hewa ya ukaa. Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa chini ya tani moja kwa mwaka. Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13. Afrika nzima, yenye zaidi ya mtu mmoja kati ya kila sita wa dunia, imechangia takriban asilimia 3 tu ya hewa ya ukaa yote iliyorundikana tangu viwanda vianze. Nilitarajia darasa litafurahi kuona kwamba lawama imehama. Halikufurahi. Msichana mmoja, ambaye mama yake hulima mwani, alisema kwamba hilo linamuudhi zaidi, kwa kuwa mpiga baruti unaweza kumwendea barazani, lakini huyu wa tani 13 utamwendea wapi?

Maneno yake ndiyo yaliyotufungulia mlango wa uraia wa dunia, kwa maana mama yake alikuwa na jibu mikononi bila kujua. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, ukaenea hadi pwani yetu, na hauliwi hapa: hukaushwa, hufungwa marobota, huvuka bahari na kutolewa uteute unaotiwa katika dawa za meno, aiskrimu na vitu vingi vinavyohitaji kushikana. Mwani mnene ndio wenye bei nzuri, na ndio usiostahimili maji ya moto. Mwani mwembamba unavumilia zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Kwa hiyo joto linapopanda, mama wa Tanga hulazimika kuuacha wenye fedha akalima usio na fedha, na anayepiga mswaki Ulaya asubuhi hajui kwamba amemgusa. Wanafunzi waliuchora mnyororo huo katika karatasi za manila, kutoka vigingi vilivyokitwa mchangani hadi bomba la dawa ya meno, na kila penye kiungo waliandika nani anaamua bei. Mama wa mwani haamui popote.

Kazi ya pili ilitokana na takataka za ufukweni. Niliwataka waokote vipande vya kamba, na walileta vya plastiki tupu, hata kimoja cha mkonge hakikuwemo, katika mkoa ambao uliitwa kitovu cha mkonge wa dunia. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukiwa na asili ya Meksiko. Mashamba yakawavuta manamba kutoka Kigoma, Burundi, Rwanda na Msumbiji, na katika darasa langu wamo vitukuu vyao, wanaojiita watu wa Tanga kwa haki kabisa. Kamba za nailoni na polipropilini ndizo zilizouporomosha mkonge sokoni, na sasa ndizo zinazonasa kasa wetu. Nilipowauliza uraia wa dunia ni nini, mmoja akasema kwamba Tanga imekuwa raia wa dunia siku nyingi, ila haijawahi kuulizwa maoni. Niliwakumbusha ahadi ya kwanza ya mwana-TANU, ambayo babu zao waliikariri: "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja." Tulikaa nayo kipindi kizima, tukiuliza ndugu ana haki gani na wajibu gani kwa ndugu aliye mbali.

Lilikuja pia, kama nilivyojua litakuja, suala la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443 na linaloishia Chongoleani, upande wa pili wa jiji letu. Baadhi ya wanafunzi wana kaka waliopata ajira huko. Hapo darasa liligawanyika kwelikweli: wako waliosema kwamba haiwezekani tulalamikie joto huku tukisafirisha mafuta, na wako waliosema kwamba waliotajirika kwa mafuta yao hawana mdomo wa kutukataza ya kwetu. Sikutoa hukumu, na sikufanya hivyo kwa woga. Swali hilo mataifa yenyewe yanalijadili kila mwaka tangu Mkataba wa Paris wa 2015, na mwanafunzi anayeweza kueleza hoja ya mwenzake kwa nguvu ileile anayoelezea yake amekwisha kupata kile ninachokitafuta. Niliwataka wabadilishane pande na kuandika upya, na insha zile ndizo bora nilizosahihisha mwaka ule.

Katikati ya yote haya tulihitaji neno. Kitabu kinasema "uendelevu", na wanafunzi hulitamka bila kuliona. Kijana mmoja wa ukoo wa Kibondei, ambaye bibi yake analima Muheza, alisema kwamba kwao mtu anayemaliza hata punje za kupandia huambiwa amekula mbegu. Kuanzia siku hiyo darasa lilisema "kula mbegu", na nilisikia neno hilo likitumika uwanjani, juu ya baruti, juu ya kokoro linaloburuta vichanga vya samaki, na juu ya nchi zilizoipasha bahari moto.

Mgeni wa darasa

Nilitaka mzee aje shuleni. Mkuu wa shule alisita, na alikuwa na sababu: mzazi angeweza kusema kwamba shule inampa heshima mvunja sheria, na wathibiti ubora wangeuliza ugeni huo uko katika mada ipi. Tulikubaliana aje pamoja na mjumbe wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari cha kijiji, nami niandike barua inayoonyesha mada. Kijana nilimuuliza kwanza, faraghani, na nilikuwa tayari kuacha mpango wote kama angekataa. Alifikiri siku mbili, akasema, "Aje, lakini asiwekwe mbele." Viti vikapangwa duara.

Mzee alikuja amevaa kanzu na kofia, na nyavu begani. Wanafunzi walisimama wakamwamkia. Alizungumza kwa utulivu juu ya tajiri, deni na chupa, na mjumbe wa kikundi akaeleza jinsi doria zinavyofanyika na jinsi ilivyo vigumu kumshitaki jirani. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza ajali ilitokea lini. Mzee akajibu, "Mwaka wa mvua za El Nino." Akaendelea kusema kwamba alipopona na kurudi majini kwa mara ya kwanza, alikuta miamba imekuwa myeupe kama iliyopakwa chokaa. Yeye na wenzake walidhani ni baruti zao zilizofanya hivyo. Lakini alizunguka hadi kwenye miamba ya nje, ambako hakuna aliyewahi kupiga, akakuta weupe uleule, na tangu siku hiyo hajapata mtu wa kumweleza kwa nini.

Kijana aligeuka akautazama ubao, ambapo 1998 ilikuwa bado imeandikwa. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha akainuka na kumweleza baba yake mdogo, kwa adabu na kwa utaratibu, habari ya mwani ulio ndani ya matumbawe, nyuzi moja ya joto, wiki kadhaa za kaskazi na hewa ya ukaa. Mzee alimsikiliza kama alivyonisikiliza mimi barazani, akauliza maswali mawili ya mvuvi, kwamba je, mkondo wa maji baridi kutoka kina kirefu hausaidii, na je, miamba ya nje itarudi. Kwa la kwanza tulimjibu kwamba husaidia mahali fulani. Kwa la pili kijana alisema kwamba itarudi iwapo joto litaipa nafasi na iwapo sisi hatutaivunja wakati inapojaribu.

Mwishoni alimuuliza baba yake mdogo swali moja ambalo, kama alivyoniambia baadaye, nyumbani hakupata kuliuliza: siku ya ajali alikuwa na umri gani. Mzee akasema, "Kumi na saba."

Mwanafunzi aliyeigiza mshitakiwa ndiye aliyembebea nyavu hadi nyumbani. Alirudi kipindi cha pili kimeanza, na sikumuuliza alikokuwa.

Hali ilivyo sasa

Mahakama ya kuigiza nimeiacha katika mada hii, ingawa bado naitumia katika somo la mihimili ya dola, mahali inapofaa. Mtihani wa taifa hauulizi juu ya mnyororo wa mwani wala hauulizi kwa Kiswahili, na mzazi mmoja alinilalamikia, kwa haki, kwamba wiki tatu ni nyingi. Mwaka huu nimezipunguza ziwe mbili na kuhamishia hesabu za hewa ya ukaa katika vipindi vya Hisabati moja kwa moja. Mlio wa baruti tuliusikia mara moja tangu wakati ule, asubuhi moja ya maji mafu, tukiwa mstarini. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyejua ni nani.

Katika jaribio la mwisho wa muhula niliwataka waeleze sababu za kuharibika kwa miamba ya pwani ya Tanga na wajibu wa kila mhusika. Kijana wangu aliandika kurasa tatu, akaanza na tajiri, akamaliza na dawa ya meno. Nilimpa alama 14 kati ya 20, kwa sababu hakueleza kazi ya hifadhi wala ya sheria. Alinifuata ofisini na karatasi yake, akadai alama mbili zaidi, akasema kwamba sheria ameieleza katika aya ya nne na kwamba sikuisoma vizuri. Tulibishana juu ya aya ile kwa karibu nusu saa, nikamwongezea moja.